Acha Ukuta Uungue

Katika nyumba ya Mzee Kithaka, kule Kianjokoma, picha zote za harusi zimepigwa mahali pamoja: mbele ya ukuta mweupe wa kanisa, saa sita mchana, ibada ikishamalizika. Huo ndio mtindo wa ukoo, na mtindo wa ukoo hauulizwi. Ukuta wenyewe Mzee Kithaka aliujenga akiwa kijana, yeye na wanaume wenzake, na kila mwaka kabla ya Krismasi huupaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, hata kama kanisa lina rangi ya kopo. Ukiona picha ya harusi isiyo na ule ukuta, basi ujue hao waliooana ni watu wengine.

Zimepangwa sebuleni, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma. Ziangalie vizuri. Ukuta unaonekana, hata alama za brashi. Gauni linaonekana, uzi kwa uzi. Mzee Kithaka anaonekana, na binti yake mdogo, Joyline, anaonekana pia, maana hao wawili ni weupe wa kuzaliwa. Sasa angalia pale pembeni kabisa. Kuna kitambaa cheupe cha kichwa, kile cha chama cha akina mama, na chini ya kitambaa hakuna mtu. Kuna weusi tu, na pengine meno. Huyo ndiye Igoki, mke wa Mzee Kithaka. Yuko katika kila picha, na katika kila picha hayupo.

“Mama, wewe kamera haikupendi,” wapiga picha walimwambia, mmoja baada ya mwingine, wakicheka. Naye akaamini. Walianza kumweka pembeni, kisha akawa anajiweka mwenyewe. Simu za kupiga picha zilipofika, akiona mtu ameinua moja anakumbuka ghafla kwamba viazi havijamenywa. Hata picha ya kitambulisho chake ilikuwa kivuli chenye masikio.

Kisha akafariki, na watu wakatafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Hawakupata. Kijana mmoja wa kuchapisha alichukua lile giza la chini ya kitambaa akalivuta kwa kompyuta, akalivuta tena, mpaka ikatoka sura ya kijivu, bapa, ya mwanamke asiyejulikana na yeyote. Waombolezaji waliokuja kutoka mbali walinong’ona wakidhani wamekosea matanga. Ruguru, binti mkubwa, alikishika kile kijitabu kaburini na akaumia mahali ambapo hajapona hadi leo. Na kuna jambo lililomuuma zaidi kadiri miaka ilivyopita: alikuwa ameanza kumsahau. Alikuwa anajaribu kukumbuka pua ya mama yake, inakuja pua ya shangazi.

Ruguru ni mpiga picha, na studio yake iko Meru mjini, ghorofani, nyuma ya soko. Aliingia katika kazi hiyo kwa hasira, akitaka kujua kamera ilikuwa na kisa gani na mama yake. Akajua. Hasira ikaongezeka.

Huwaeleza wateja wake hivi. Ukitoka juani ukaingia ghafla jikoni kwa mama, huoni kitu isipokuwa moto. Mama ameketi pale pale, anakuona wewe mzima, anakucheka unavyopapasa kutafuta kigoda. Je, mama hayupo? Yupo. Ni jicho lako lililojifinya kwa sababu ya jua. Kamera ni jicho la namna hiyo. Ina tundu linaloweza kupanuliwa au kufinywa. Ina pazia linalofunguka kwa muda mfupi au mrefu. Na ina wepesi wa kuhisi mwanga, ambao unaweza kuuongeza, ingawa ukiuzidisha picha hutoka na chembechembe kama unga wa kinu kibovu. Mwanga ukiingia kidogo, kila kitu kinazama gizani. Ukiingia mwingi, vitu vyeupe vinaungua: vinabaki weupe mtupu usio na alama yoyote. Kazi ya mpiga picha ni kuamua uingie kiasi gani.

Na kamera ikiachwa ijiamulie ni mjinga mwenye bidii. Inaamini kwamba ulimwengu wote, ukiujumlisha, una rangi ya majivu. Ielekeze kwenye ukuta wa chokaa saa sita, itashtuka kwamba mwanga umezidi. Itafinya tundu, itaharakisha pazia, na haitatulia mpaka chokaa ifanane na majivu. Ukuta unapona. Mtu mweusi aliyesimama mbele yake anazama.

Kwa hiyo haikuwa chuki. Kamera haina wa kumpenda wala wa kumchukia. Ni binadamu waliosimama nyuma yake miaka yote ile, wakamwona Igoki anazama, wakaamua afadhali ukuta.

Muda mfupi kabla ya msiba ule, Ruguru alikuwa amemzaa mtoto wa kike bila mume wa kutajwa, na kwa vile hakukuwa na upande wa baba wa kudai jina, mtoto alipewa jina la nyanya yake, Igoki. Ruguru humwita “mami”, kama unavyomwita mtoto aliyebeba jina la mama yako. Na huyu mtoto hakubeba jina peke yake. Alibeba paji pana la uso, mdomo unaojikunja upande mmoja akitaka kucheka, na ule weusi wote, weusi wa kung’aa, bila kupunguza hata kidogo.

Basi Joyline akapata mchumba, mwalimu anayeitwa Njue, harusi ikapangwa. Alimpigia simu dada yake mapema.

“Siku hiyo wewe ni dada ya bibi harusi, sawa? Hutabeba kamera. Utulie tu, ule, ucheze.”

Ruguru alielewa. Joyline hakutaka picha zake, kwa sababu studio ya Ruguru ilikuwa na sifa mbaya Meru nzima: ukiingia mweusi, unatoka mweusi. Joyline alikuwa amemtaka mpiga picha mwingine, Gitobu, ambaye kwake watu wote hutoka kama waliooga maziwa. Lakini kulikuwa na habari njema pia. Igoki mdogo angekuwa mtoto wa maua, mbele ya watu wote, na kikapu chake. Ruguru akakubali. Harusi si yake.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Ibada ikaisha, vigelegele vikapigwa, na watu wakamiminika ukutani bila kuelekezwa, kila mmoja anajua mahali pake. Bibi na bwana harusi katikati. Mzee Kithaka kulia kwao, kofia mkononi. Igoki mdogo mbele ya gauni la Joyline, amevaa nguo nyeupe ya kumetameta, amepakwa mafuta mpaka anang’aa, kikapu kimekumbatiwa kwa mikono miwili. Nyuma ya kanisa moshi ulipanda kutoka kwa masufuria, na akina mama waliokuwa wakipika hawakuja. Hawakuwa wameitwa.

Gitobu alikuwa na fulana ya mifuko mingi na kamera ya maana, kubwa, yenye lenzi ya kuonewa wivu. Alipiga, akaangalia kioo cha nyuma, akakunja uso. Akapiga tena. Alikuwa na kijitaa cha flashi, lakini flashi ndogo kwa umati ule, mchana ule, ni kama kuwasha kibiriti juani.

“Huyu flower girl ananiletea shida,” akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kiti. “Ni mweusi sana na ukuta ni white. Mtoe hapo katikati, mpeleke ile end. Msijali, nitamng’arisha kwa kompyuta.”

Hakuna aliyekasirika. Wengine walicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. Bwana harusi alimtabasamia mtoto. Na Igoki, miaka sita, akaokota petali moja iliyoanguka, akairudisha kikapuni, akaenda mwenyewe. Hakusimama pale alipoonyeshwa. Alipita, akaenda mpaka mwisho kabisa wa mstari, akainamisha kichwa ili kitambaa cha maua alichofungwa kichwani kimfunike uso.

Ruguru alijiuliza. Nani alimfundisha mtoto huyu? Nyanya yake hakuishi mpaka mtoto apate akili. Alikufa mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Ndipo Ruguru akatazama mahali alipokuwa amesimama mwenyewe. Alikuwa mwisho wa mstari, upande wa pili, nusu ya bega nje ya picha, kichwa kimeinama. Hakuna aliyempeleka pale. Miguu yake ilijiendea, kama ilivyojiendea tangu akiwa mtoto. Yeye, mwenye studio, mwenye kuwaeleza watu habari za tundu na pazia! Wahenga walisema mtoto hutazama kisogo cha nina, na kisogo hicho Igoki alikuwa amekitazama asubuhi nzima.

“Igoki!” Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Rudi katikati.”

“Lakini mama, huyo amesema…”

“Nimemsikia. Rudi.”

Mtoto alirudi polepole, akiwatazama watu wazima kwa zamu. Gitobu akashusha kamera.

“Sister, tusicheleweshane. Si mimi, ni camera inamkataa.”

“Kamera haikatai mtu. Iko kwa otomatiki tangu asubuhi, nimeona. Imeona chokaa ikaogopa. Wewe ndiye umekataa kuiambia ukweli.”

“Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi.”

“Miaka mingi umekuwa ukipiga kuta.”

Mtu akaguna. Mzee Kithaka akageuka, sauti ya chini, ile aliyotumia walipokuwa wadogo.

“Ruguru. Leo ni siku ya mdogo wako. Usituletee vita kanisani.”

“Sileti vita, baba. Twendeni pale chini ya ile miti ya mikima, kivulini. Huko mwanga ni mpole, kila mtu ataonekana, na gauni pia litaonekana. Ni hatua chache tu.”

Watu wakatazama ile miti, wakamtazama mzee. Kwa dakika moja ilionekana kama jambo dogo.

“Picha ya ukoo ni hapa ukutani,” akasema Mzee Kithaka.

“Haya. Basi tubaki ukutani. Lakini nitapiga mimi.”

Gitobu aliikumbatia kamera kama kuku anayefunika vifaranga. “Hii si ya kujaribiwa! Joyline, umwambie dada yako. Akiongeza mwanga kwa sababu ya huyo mtoto, gauni litaungua. Lesi yote inapotea! Na ukuta hautaonekana kabisa.”

Joyline alishika lesi ya begani. Alikuwa amelichagua gauni lile baada ya kujaribu mengine mpaka miguu ikavimba.

“Ni kweli, Ruguru?”

Ruguru angeweza kudanganya. Hakutaka. “Ni kweli. Hapo mabegani lesi itapotea. Ukuta utakuwa weupe mtupu, hata ule msalaba uliochorwa hautauona. Kwa jua hili, mahali hapa, siwezi kuokoa vyote. Lazima mtu achague kitakachopotea. Na tumekuwa tukichagua siku zote, Joyline. Ni vile tu hatusemi. Tulichagua, tukachagua, mpaka tukamzika mama na sura ya mtu mwingine.”

Mama alipotajwa, watu wakainamisha vichwa. Hata bwana harusi alitazama chini. Joyline naye alimtazama mtoto aliyekuwa mbele ya gauni lake: lile paji, ule mdomo uliobanwa usilie. Macho yake yakajaa, na kipodozi cha asubuhi nzima kikawa hatarini.

“Gauni lenyewe ni la kukodi,” akasema. “Mpe kamera.”

“Na ukuta wangu?” Mzee Kithaka aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

“Ukuta umepigwa picha miaka arobaini, baba. Mama hakupigwa hata siku moja. Leo acha ukuta uungue.”

Mzee aliutazama ukuta, kisha akabaki mahali pake.

Gitobu alimpa kamera kwa vidole viwili. “Hiyo usiseme ni mimi nimepiga.”

“Usijali, sitakusingizia.”

Ruguru alizungusha kitufe cha juu, akaiondoa kamera kwenye kujiamulia, akaichukua mikononi mwake. Kisha akafanya jambo lililowashangaza watu: hakurudi nyuma kuupima umati. Alisogea mbele, akapiga goti vumbini na nguo yake ya harusi, mpaka uso wa Igoki ukajaa kioo chote. Akapima mwanga wa ngozi ile na si wa kitu kingine. Kamera, iliyozoea chokaa, sasa ikaogopa upande wa pili. Ilipoona weusi mtupu ikaanza kulia kwamba mwanga hautoshi, ongeza, ongeza, ongeza, mpaka mtoto naye awe majivu. Ruguru aliijua hila hiyo. Ukiitii, unapata ile sura ya kijitabu cha mazishi. Akairudisha nyuma kidogo, akapunguza, akakataa. Hakumtaka mtoto mweupe. Alimtaka alivyo.

“Inua uso, mami.”

“Nitaharibu.”

“Huwezi kuharibu kitu. Inua.”

Aliinua. Ruguru akarudi nyuma bila kugusa tena chochote, akawaona wote ndani ya kioo, ukuta ukiwaka nyuma yao kama jiko, akaacha uwake. Akabonyeza.

Mzee Kithaka alikuwa wa kwanza kumfikia. Alikifunika kile kioo kidogo kwa kofia yake kuzuia jua, akainama. Ukuta haukuwepo. Pale penye alama za brashi yake, pale penye msalaba, palikuwa na weupe tu. Mabega ya Joyline yalikuwa mwanga mtupu, na uso wa mzee mwenyewe ulikuwa umefifia kuliko alivyozoea kujiona. Na katikati yao alisimama mtoto mweusi, mzima, na jasho dogo juu ya pua, na pengo la jino, na mdomo unaoanza kujikunja upande mmoja.

“Unaweza kumleta karibu?” mzee aliuliza.

Ruguru alikuza picha mpaka uso ukajaa.

Mzee aliutazama mpaka watu wakaanza kujongea. “Paji ndilo hilo,” alisema mwishowe. “Na mdomo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinicheka.” Akafuta uso kwa kiganja, bila kujificha. “Nilikuwa nimeanza kumsahau, Ruguru. Sikumwambia mtu.”

“Hata mimi, baba.”

Akavaa kofia. Akageukia moshi uliokuwa nyuma ya kanisa, akapaza sauti ambayo watu hawakuwa wameisikia tangu alipostaafu uzee wa kanisa. “Nyinyi wa jikoni! Njooni ukutani, wote!”

Wakaja kwa kusitasita, wakijifuta mikono kwa leso, wakicheka kwa aibu. Mmoja wao, mweusi kama Igoki mwenyewe, akabaki nyuma ya kona.

“Aa, Mzee, sisi tuache. Kamera haitupendi. Na ukuta wako mzuri utaharibika.”

“Simama hapa karibu yangu,” Mzee Kithaka akasema. “Ukuta ukiungua, chokaa ninayo.”

Walijipanga upya, na safari hii hakuna aliyejua mahali pake, ikabidi wasukumane. Ruguru akamrudishia Gitobu kamera.

“Usiguse kitu. Usiangalie inakwambia nini. Bonyeza tu.”

“Na wewe unaenda wapi?”

“Katikati,” alisema Ruguru. Akapita mbele ya watu wote na magoti yake yenye vumbi, akasimama nyuma ya mtoto wake, akaweka mikono miwili juu ya mabega yake, akainua kichwa.

Picha hiyo ndiyo kubwa kuliko zote sebuleni Kianjokoma sasa. Mzee Kithaka aliondoa nyingine mbili ili ipate nafasi. Wageni wa ukoo wakija husimama mbele yake na chai mkononi, wakaitazama-tazama, na daima kuna mmoja atakayeuliza kama mpiga picha alikuwa amelewa, maana hapa ilipigwa wapi, na ule ukuta wa kanisa mbona hauonekani.

“Ukuta uko kanisani,” mzee huwajibu. “Haujaenda popote. Ukiutaka, nenda ukauangalie.”